Gari Halina Msingi

Jumapili, 3 Machi 1996. Ruiru

Mbula amesema heri niandike kuliko kunung'unika, maana masikio yake yamechoka. Basi nianze na mama yake.

Leo tulikwenda Gatuanyaga kumwona. Mvua haijaanza, lakini ukuta wa nyuma wa nyumba yake umepasuka ufa wa kupitisha mkono, na kile kikohozi cha Julai iliyopita hakijaisha, kimepumzika tu. Daktari wa Thika alimwambia Mbula waziwazi kwamba mapafu ya mama hayatastahimili baridi nyingine katika nyumba ile. Nami nina nyumba ya mawe hapa Ruiru. Chumba cha wageni kina kitanda na dirisha linalofunga. Lakini Mama Wayua ni Mkamba wa zamani, na Mkamba wa zamani halali chini ya paa la mume wa binti yake. Hata kutazamana usoni hatutazamani. Tangu nimwoe Mbula tumesalimiana kwa kupeana mgongo. Yeye humwambia Mbula aniambie, nami humwambia Mbula amwambie, hata kama tumesimama karibu kiasi cha kupeana chumvi. Neno moja kutoka kinywani mwake kuja kwangu moja kwa moja sijawahi kulisikia.

Sisi Wakikuyu nasi tuna thoni, ile haya ya wakwe, lakini ya kwetu siku hizi imelegea kama lastiki ya soksi kuukuu. Ya kwake bado inabana. Nimemwambia Mbula ninavyoona mimi: mama yake hanipendi, na mila ni kisingizio. Mbula alinyamaza njia nzima mpaka Witeithie, na mke wangu akinyamaza najua nimekosea, ila sijui wapi.

Jumanne, 5 Machi

Wazo limenijia kazini, na limetoka kwa mama mkwe mwenyewe. Mwaka jana alipotoka hospitalini jioni na hapakuwa na njia ya kumfikisha kwake, alikataa katakata kuingia kwangu. Alilala kwenye kiti cha mbele cha pikapu ya rafiki yangu Yahya, nje ya lango letu, kwa baridi ile ya Julai inayoingia mpaka kwenye meno. Mbula alimsihi huku analia. Jibu lake lilikuwa moja.

"Gari si nyumba. Gari halina msingi."

Wakati ule nilikasirika. Leo nimelitafuna neno hilo mchana kutwa. Kama gari si nyumba, basi mimi nitamjengea gari. Gari lenye kitanda, meza na mlango, la kukokotwa nyuma ya pikapu, kama yale ya Wazungu wanaokwenda mbugani. Na nitalifunga kuta ambazo baridi itagonga mpaka ichoke.

Kazi yangu ni hiyo hiyo, kwani. Tunaunda maboksi ya malori ya kubeba maua na maziwa. Ukuta wa boksi ni kama mkate uliopakwa siagi katikati: plaiwudi nje, plaiwudi ndani, na kati yake lile povu gumu jeupe linalokuja kwenye katoni za televisheni. Ukuta unaozuia joto lisiingie kwenye maua utazuia joto lisitoke kwa mama mkwe.

Jumamosi, 9 Machi

Yahya amekubali. Tulifanya kazi pamoja kabla hajafungua gereji yake hapa Ruiru, na nyuma ya gereji kuna chesisi ya trela iliyokuwa ikibeba tangi la maji. Ekseli ni nzima. Yeye atachomelea, mimi nitaunda kuta. Yahya ni mtu wa Majengo, Thika, Mwislamu, na jambo hili limemshinda kulielewa. Aliniuliza mara mbili kama nimegombana na mama yule.

"Kwetu mama mkwe ni mama yako," akasema. "Analala, anakula, anakugombeza. Sasa wewe unamjengea lori?"

Nikamwambia si lori. Akacheka mpaka akaweka chini kofia ya kuchomelea.

Msimamizi wangu kazini ameniruhusu kuchukua mabaki ya povu. Yanatosha kuta nne, sakafu na paa, hayazidi hata kipande cha kuwekea glasi.

Jumamosi, 16 Machi

Mvua.

Jumapili, 24 Machi

Nimeharibu paneli ya kwanza, na sina wa kumlaumu.

Nililaza plaiwudi chini, nikapigilia fremu ya mbao kuizunguka, nikakata povu likaingia kwenye vyumba vyake likibana vizuri. Nikapaka gluu, nikafunika kwa plaiwudi ya pili. Hapo paneli inataka uzito juu yake mpaka gluu ishike. Kazini tuna mashine ya kugandamiza. Nyumbani nina magunia ya maharagwe ya Mbula. Niliyapanga yote juu, nikajisifu, nikaenda kanisani.

Mvua ilinyesha ikiwa imelala upande, ikaingia barazani. Nilipoyaondoa magunia leo, gluu ilikuwa bado maziwa na plaiwudi imevimba katikati kama andazi. Maharagwe yamenuka gluu. Mbula alichukua moja, akalinusa, akaniangalia, akalirudisha guniani. Jioni tumekula kabichi.

Povu nimelikwangua nikaliokoa. Kuanzia sasa kazi ni ndani ya gereji ya Yahya, na plaiwudi itakaa kwanza karibu na jiko ikauke ndipo iguswe na gluu.

Jumapili, 31 Machi

Ushindi mdogo. Kwa vipande vya povu vilivyokatwa kwenye pembe, vidogo visivyofaa ukutani, niliunda kisanduku chenye kifuniko, nikaweka ndani sufuria ya githeri iliyotoka jikoni ikichemka, nikafunga. Asubuhi Mbula alifunua, mvuke ukampiga usoni. Akaketi. Akanitazama kama siku ile nilipomposa.

"Kwa hivyo mwaitu atakuwa kama hii githeri," akasema; mwaitu kwa Kikamba ni mama.

Nikasema ndiyo. Akalia kidogo, akapakua tukala. Kisanduku hajanirudishia mpaka sasa, amesema ni chake.

Jumapili, 7 Aprili

Pasaka. Mvua. Paneli mbili zimesimama wima na hazijapinda.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimeenda Gatuanyaga na Mbula kupeleka unga. Barabara ni tope. Nilibaki nje chini ya mwavuli huku wao wakizungumza ndani, na kupitia ule ufa nikamsikia mama akikohoa. Kikohozi kinaanza kwa kukwaruza, kisha kinashuka chini kifuani, kisha ananyamaza kana kwamba anasubiri kuona kama kitarudi. Nilijikuta nami nimezuia pumzi nikisubiri. Ufa umeongezeka. Nimeuziba kwa turubai na misumari, yeye akiwa upande wa ndani, mimi nje. Nilipomaliza alimtuma Mbula aniulize kama nimenyeshewa.

Jumatatu, 29 Aprili

Yahya bado yuko kwenye Idi. Amenitumia pilau na maneno: "Ya mama mkwe pia imo humo." Kuta tatu na sakafu zimekamilika, imebaki paneli moja ya ubavuni na paa.

Jumamosi, 11 Mei

Siku mbaya, niiandike polepole.

Paneli zote ziko tayari, na iliyobaki ilikuwa kutoboa dirisha. Nimelifikiria dirisha hili kuliko kitu kingine chochote. Mlango wa trela uko nyuma. Ukisimama mlangoni ukitazama ndani, ubavu wa kulia utaelekea ua wa michongoma na shamba la jirani. Ubavu wa kushoto utaelekea nyumba yangu. Kwa hiyo dirisha ni kulia, na kushoto kunabaki ukuta mtupu, ili mama mkwe asifungue macho asubuhi akakutana na mkwe wake anapiga mswaki. Hiyo ndiyo maana ya kazi yote. Meza ndogo ya kukunja nimeiweka kushoto, kwa kuwa ukuta mtupu una nafasi.

Nilikuwa na zamu leo. Asubuhi nilipita kwa Yahya nikamwambia atoboe dirisha kwenye ukuta wa kulia. Ulimi wangu wa Kikuyu hutamka "kuria", lakini Yahya ameuzoea. Nilirudi saa tisa nikalikuta dirisha, zuri, pembe zake zimepigwa msasa vizuri kabisa. Juu ya meza.

Nilimuuliza amefanya nini. Akashangaa.

"Si ulisema ukuta wa kulia? Mtu anakulia wapi, si mezani?"

Ni kweli, mtu hulia mezani. Nikamuuliza kipande alichokitoa kiko wapi, nikirudishe. Alikuwa amekikata mara mbili akakifanya kifuniko cha kasha la soda za mkewe, Tausi, kwa sababu niliwahi kumsifia kisanduku cha githeri. Povu limekwisha. Kazini mabaki yamekwisha pia. Kubadilishana kuta haiwezekani, kila ubavu umekatwa kwa kipimo chake, na uani kwangu trela haligeuki. Paneli mpya sina, na mvua hii hairuhusu gluu hata kama ningekuwa nayo.

Nilikaa chini kwenye tope nje ya gereji. Mbula alipokuja na chai alinikuta hapo, akasikiliza habari yote kutoka kwa Yahya, akasimama akiutazama ukuta ule. Nilidhani atanikaripia.

"Kuna kulia kwa mkono na kulia kwa chakula," akasema. "Imebaki ile nyingine. Usianze, Baba, kunywa chai."

Jumanne, 14 Mei

Ukuta wa nyuma wa Gatuanyaga umeanguka alfajiri. Haukumwangukia, Mungu ni mwema, lakini alikaa kwenye mvua mpaka majirani walipomsikia. Yuko hospitalini Thika. Ni nimonia.

Alhamisi, 16 Mei

Mbula analala kwenye benchi kule. Mimi huenda jioni baada ya kazi, lakini wodini siingii. Nasimama kwenye veranda chini ya dirisha, na wauguzi wanadhani nina wazimu. Nasikiliza. Nimegundua kwamba mama huyu namjua kwa kikohozi kuliko kwa uso. Leo kilikuwa cha chini sana, na kila aliponyamaza nilihesabu nikaogopa kuendelea kuhesabu. Nilisema moyoni, mama, ngoja kidogo, ni dirisha tu limebaki. Nilikuwa nampenda na sikujua. Nilidhani namkasirikia.

Jumapili, 19 Mei

Amepata nafuu. Ameketi, amekunywa uji, na kwa mara ya kwanza Mbula amemwambia habari za trela. Maswali yametoka wodini mpaka verandani kwa mdomo wa Mbula, moja baada ya lingine.

Lina magurudumu? Nikasema mawili, ya kweli, yenye hewa. Ni la nani? Nikasema nimeliandika jina la Mbula. Linagusa ardhi yangu, ardhi ya Kagwe? Nikasema kwa magurudumu, na chini ya pembe nitaweka mawe lisiyumbe.

Mbula akaingia, akatoka.

"Amesema mawe ni msingi."

Ana haki. Ukiweka mawe pembe nne umejenga. Nikafikiri, nikasema basi nitaweka matairi makuukuu. Mbula akaingia, akakawia, akatoka anatabasamu. Tairi ni la gari, amekubali.

La dirisha sikuthubutu kusema.

Jumamosi, 1 Juni

Mvua imekatika. Tumesimamisha kuta. Pembe zimeumana, silikoni imeingia kila mahali, matundu ya hewa mawili yako chini ya paa. Nimejifungia ndani na Yahya akapiga kelele kwa nguvu zake zote nje. Nilisikia kama mtu anaongea Thika.

Jumapili, 16 Juni

Rangi ya krimu, mstari wa kijani. Watoto wa jirani wanaliita hoteli. Wamemruhusu mama kutoka hospitalini, yuko kwa jirani yake Gatuanyaga akikusanya vitu vyake. Baridi imeanza.

Jumapili, 23 Juni

Amekuja. Yahya alimleta kwa pikapu pamoja na sanduku lake la bati na mbuzi mmoja ambaye hakuna aliyenionya kumhusu. Mimi nilijificha nyuma ya tangi la maji, mtu mzima na mvi zangu, nikichungulia miguu tu. Niliona viatu vyake vya plastiki vikizunguka trela. Alichungulia chini kuhakikisha hakuna mawe. Aligonga ukuta kwa kiganja. Kisha viatu vikaingia ndani.

Nilijua ameliona dirisha. Nikamsikia Mbula akieleza, kulia ya mkono, kulia ya chakula, fundi, kifuniko cha soda. Nikangoja aseme arudishwe kwao. Nilichosikia ni sanduku la bati kufunguliwa, kisha nyundo.

Mbula alinifuata nyuma ya tangi, macho yamelowa. Mama amepigilia blanketi juu ya dirisha. Nikauliza blanketi gani. Lile nililompelekea siku ya mahari, zito, la kahawia lenye ua jekundu. Lilikuwa bado ndani ya nailoni yake. Miaka yote hii niliamini ameliuza, maana sikuwahi kuliona mabegani mwake wala kitandani.

"Nyumba yake ina moshi," Mbula akasema. "Amesema kitu cha muthoni, cha mkwe, hakifukizwi moshi."

Nimekaa na neno hilo tangu adhuhuri. Nilimdhania hanipendi, kumbe alikuwa amenikunja vizuri akaniweka sandukuni.

Jumatano, 26 Juni

Sharti langu nimelituma kwa Mbula na limekubaliwa: jiko la makaa halilali ndani. Kuta zile hazipumui kama udongo, na moshi wa makaa unaua mtu usingizini bila kumwamsha. Kila jioni mama analitoa, analiweka kando ya gurudumu. Mbuzi amekula mstari wa kijani.

Jumapili, 30 Juni

Kuta zimenishinda kwa uzuri wake. Simsikii akikohoa. Gatuanyaga nilimsikia kupitia ufa, hospitalini kupitia dirisha, na sasa yuko uani kwangu na sisikii kitu. Jana Mbula alinikuta nimebandika sikio kwenye plaiwudi kama mwizi. Alicheka mpaka akashika kiuno, kisha, msaliti, akaenda kumwambia mama yake.

Leo asubuhi nilipotoka kunawa uso, pembe moja ya chini ya blanketi ilikuwa imekunjwa juu na kubanwa kwa pini. Pembe tu. Huoni mtu, wala mtu hakuoni. Mbula amesema mama anaamka kabla ya jogoo, kama siku zote, na akishaamka atakuwa anaikunja ile pembe, niache kusikiliza kuta za watu.

Jumanne, 9 Julai

Pembe juu. Kazini.

Ijumaa, 12 Julai

Pembe juu. Baridi kali, ukungu mpaka saa nne. Daktari amempima mama, amesema kifua kimetulia. Yahya anadai sifa ni za dirisha.

Jumanne, 16 Julai

Mbula aliondoka mapema kwenda soko la Thika. Mimi nilitoka saa kumi na mbili na nusu, baridi ya kutoa machozi, nikatazama dirisha. Blanketi lilikuwa chini, pembe zote mbili.

Nikajiambia amechelewa. Nikanawa, nikavaa viatu, nikafunga kamba polepole. Nikatazama tena. Chini. Ndipo nikaangalia kando ya gurudumu. Jiko halikuwepo.

Sijui nilifikaje mlangoni. Niligonga kwa ngumi, nikamwita mama kwa Kikuyu, "Maitu! Maitu!" na sauti yangu ikafia kwenye lile povu nililolikata kwa mikono yangu mwenyewe. Nilifikiria usiku wa baridi, mama mzee, jiko la moto, na ukuta usiopitisha hewa niliomjengea mimi. Thoni nikaisahau. Nikavuta mlango nikaingia kichwa na mabega.

Ndani kulikuwa na joto la watu, hakuna moshi, hakuna jiko. Mama Wayua alikuwa amelala ubavu, kiganja chini ya shavu. Akafumbua macho. Tukatazamana. Ana macho ya Mbula, na hakuna aliyewahi kuniambia. Mimi nikabaki pale mdomo wazi, machozi yananitoka, ukungu unaingia ukinipita. Yeye hakujifunika uso. Alinitazama kwa muda kama mtu anayethibitisha jambo alilokwisha kulijua, kisha akasema, kwangu mimi, bila kupitia kwa mtu:

"Kagwe, funga mlango. Unaniingizia baridi."

Nikafunga.

Jiko, kumbe, Mbula amelichukua kuchomea mahindi sokoni. Na mama alikuwa amelala tu. Mtu anayeamka kabla ya jogoo maisha yake yote leo amelala mpaka kumekucha, kwa kuwa hapakuwa na baridi ya kumwamsha.

Sikwenda kazini kwa wakati. Nilizunguka nikakaa juu ya tairi, chini ya lile dirisha lililokosewa, nikalia kama mtoto. Juu yangu nikaona pembe ya blanketi ikiinuliwa, kisha ya pili. Yahya akisikia atasema yeye alijua tangu mwanzo ukuta wa kulia ni upi.